Nilivyoinadi Kilifi Hadi Nikakosa Nyumba

Ujumbe uliingia Jumamosi saa nne asubuhi, mwanzo wa Novemba, nikiwa nimekaa sakafuni nakata video. Video yenyewe ilikuwa ya machweo pale daraja la Kilifi, maji ya mkondo yamegeuka rangi ya chungwa, ngalawa moja inapita taratibu. Juu yake nilikuwa nimeandika: "Njoo Kilifi, hutataka kurudi kwenu."

Ujumbe ulitoka kwa mwenye nyumba wangu. "Habari dada. Nyumba nitaihitaji mwisho wa mwezi. Nataka kuirekebisha iwe ya wageni. Asante kwa ushirikiano."

Nikausoma mara tatu. Ushirikiano gani tena, jamani? Nilikuwa nimekaa pale Kibaoni miaka miwili, kodi 9,000, sijawahi kuchelewesha hata siku moja isipokuwa Januari, na Januari si hesabu. Nikampigia. Hakuwa na ubaya, na nataka niliseme hilo mapema. Alinipigia hesabu kwa upole kabisa kama mwalimu. "Dada yangu, mgeni wa kulala kwa siku ananipa 3,500. Wakija watatu tu kwa mwezi mzima, wamekupita kwa 1,500. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sijui kama ninalo.

Wale wa Nairobi mkisikia mtu analia nyumba Kilifi mtacheka. Mtasema huko si kuna mnazi na upepo tu? Basi nikwambieni. Mji wetu si mkubwa, lakini una bei za mji mkubwa na mishahara ya kijiji. Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapa, kimepata hati yake tangu 2013, na kila muhula ukifunguliwa wanafunzi wanajaza vyumba kuanzia mjini hadi vichochoroni. Tangu mwaka wa korona wamekuja wengine, wenye kompyuta ya mapajani na kazi ya ng'ambo, wanaona kodi ya 40,000 ni bei ya bure. Halafu ikiingia kaskazi, kuanzia Desemba, ndiyo kabisa. Watu wanateremka kutoka bara kufunga mwaka, na kila mwenye kijumba anakumbuka ana shuka nyeupe kabatini. Sisi tunaofanya kazi hapa miezi 12 tunabaki kupangiwa bei na mtu atakayelala siku mbili.

Nikaanza kutafuta nikiwa na moyo. Bajeti yangu ilikuwa 10,000, mwisho kabisa 11,000, nyumba ya chumba kimoja cha kulala au hata bedsita nzuri, yaani chumba kimoja chenye jiko pembeni na choo chake ndani. Nikampata dalali. Huyo alidai 500 ya kuniongoza, ukiipenda nyumba ukaichukua ni nusu ya kodi ya mwezi juu yake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa upande wa Bofa. Picha zilionyesha ukuta mweupe na bugenvilia. Kufika, naona mlango mpana wa chuma wa kufunguka huku na huku. Nikamwuliza dalali, "Hii si ilikuwa ya kuweka gari?" Akasema, "Ilikuwa, sasa ni bedsita." Mafuta ya gari bado yalikuwa kwenye saruji, duara jeusi katikati ya chumba, pale ambapo kitanda kingekaa. 7,500. Dirisha hakuna. "Lakini dakika tano baharini," akasema. Kila nyumba mbovu ya huku iko dakika tano baharini.

Ya pili ilikuwa Kiwandani. Nyumba safi, taili mpya, majirani wanasalimia. Nikafungua bomba, nikakinga maji, nikalamba kidogo. Chumvi tupu. Unaoga unatoka unanata kuliko ulivyoingia, na chai haikubali hata uweke majani pakiti nzima. Msimamizi akaniambia maji ya Baricho yanaingia Jumanne na Ijumaa alfajiri, siku nyingine ni kisima. Halafu mengine nitanunua ya mkokoteni. Nikapiga hesabu ya mitungi, kodi ya 9,000 ikawa 12,000 nikiwa bado nimesimama mlangoni.

Ya tatu Mnarani, ng'ambo ya daraja. Hii niliipenda wallahi. Roshani ndogo, mwembe, upepo wa mkondo unaingia mpaka jikoni. Mwenyewe ni mama wa makamo, alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeolewa?"

"Bado."

"Unakaa na nani?"

"Peke yangu."

"Unafanya kazi wapi?"

"Mtandaoni, mama. Natengeneza video za mikahawa na hoteli."

Akaacha mchicha. "Hiyo ni kazi ya usiku?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamwonyesha simu, video ya mkahawa mmoja, samaki wa kupaka anamwagiwa tui. Akaitazama mpaka mwisho, akasema samaki amekauka. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo naliheshimu: "Na mwezi usio na video, utanilipa na nini?"

Alitaka kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti ya miezi miwili, 11,000 mara tatu, jumla 33,000. Na nisilete mgeni wa kiume. Na lango linafungwa saa tatu usiku. Ndugu yangu wa kiume je? "Waje wazazi wako kwanza niwaone." Nina miaka 26. Nikamshukuru nikaondoka. Njiani nilimkasirikia sana, lakini kumbe yule mama alikuwa afadhali. Yeye aliniambia ukweli usoni.

Dalali wa pili nilimpata kupitia rafiki wa rafiki. Nyumba moja mjini, 8,500, maji matamu. Akanipeleka, funguo anazo, akanifungulia, nikaona. Akasema kuna watu wengine wanaitaka, nitume 5,000 niishike. Nikatuma kwa simu pale pale, manake wiki mbili zilikuwa zimeshakwisha na nilikuwa nimechoka. Jumapili saa kumi nikafika na begi la kwanza. Langoni nikamkuta mwanafunzi na godoro lake limefungwa kamba, na dada mmoja muuguzi na mtoto mgongoni. Sote watatu tumeshika nyumba moja. Tulingoja mpaka adhana ya magharibi. Namba haipatikani. Aliyekuwa akiishi ndani akatoka kutupa taka, akatuuliza tunamtaka nani. Hata hakuwa anahama.

Baadaye nikaenda kusoma. Kumbe Kenya ina Sheria ya Maajenti wa Nyumba na Ardhi, sura ya 533, na mtu anayefanya udalali anatakiwa awe amesajiliwa na bodi. Mimi sikumwuliza yule kijana hata jina lake la pili. Tunaulizana kabila, dini na kama tumeolewa, lakini dalali anayebeba 5,000 zetu hatumwulizi kitambulisho.

Najua mnachotaka kusema. Si urudi Malindi kwenu tu? Nilienda. Mamangu yuko Muyeye, vyumba viwili, watu saba. Nikirudi nitalala sebuleni kama nilivyolala mpaka kidato cha nne. Nikipanga huko, wateja wangu watatu wa kudumu wako Kilifi. Ni kama kilomita 60. Matatu 250 kwenda, 250 kurudi, mara siku 20 ni 10,000. Nauli inapita kodi.

Lakini siku nilizokaa Malindi zilinifungua macho. Nilienda kumsalimia mjomba, ambaye ni mlinzi wa jumba moja la Mtaliano. Mnajua historia yetu na Waitaliano. Walikuja miaka ya 60 na kituo chao cha San Marco pale Ngomeni, wakarusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967, baadaye zikafuata hoteli na majumba, mpaka muuza maembe wa Malindi anajua kuhesabu pesa kwa Kiitaliano. Sina ugomvi nao. Nusu ya watoto wa mtaa wetu wamesomeshwa na kazi za majumba hayo, mimi mmoja wao, manake karo yangu ya mwisho alilipa mjomba.

Jumba lile lina vyumba vinne vya kulala na bwawa la kuogelea. Mwenyewe huja Desemba akaondoka Februari. Miezi mingine yote mjomba anafagia majani ya mkoko na mlangilangi, anatia dawa bwawani, anafungua madirisha asubuhi chumba kipate hewa, anayafunga jioni. Yeye analala kwenye kichumba cha langoni, kitanda na jiko la mafuta. Nikamwambia kwa utani, "Mjomba, nipe chumba kimoja tu." Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Mwanangu, funguo zote nnazo mimi. Lakini funguo si nyumba."

Jioni hiyo hiyo shangazi akanipeleka kwa mzee mmoja anayepangisha katika mtaa wa zamani. Nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba sita, choo cha pamoja nyuma. 3,000 kwa mwezi. Safi, ina baridi nzuri. Nikamwuliza kwa adabu mbona asiitengeneze vyumba viwe na vyoo ndani, angepata mara mbili. Akanitazama kama nimemuuliza mbona asirushe setilaiti.

"Kuta zangu, mabati yangu," akasema. "Ardhi si yangu. Mimi nailipia kama wewe utakavyonilipa chumba."

Hiyo ndiyo nyumba bila ardhi. Kwa asiyejua, huku Pwani, hasa Mombasa na Malindi, mtu anaweza kumiliki nyumba iliyosimama juu ya kiwanja cha mwingine, akamlipa mwenye kiwanja. Benki haitamkopesha, kwa sababu hana hati ya kuweka rehani. Akijenga ghorofa na mwenye kiwanja akauza kesho, ghorofa itakwenda na nani? Mambo ya ardhi ya Pwani yana mizizi mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wajitokeze kudai mashamba yao. Waliojua karatasi walidai, wengi hawakudai, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Wajukuu wa wale ambao hawakudai wakaja kuitwa maskwota katika vijiji walivyozikwa babu zao. Mimi nilidhani natafuta nyumba tu. Kumbe hata mwenye nyumba wangu mtarajiwa ni mpangaji, na yeye hana hata dalali wa kumlaumu.

Nikarudi Kilifi zimebaki siku tisa. Hapa ndipo pale nilipotaka kupafikia tangu mwanzo, ila nilikuwa naona haya.

Niliambiwa kuna ploti ya nyumba sita nyuma ya barabara ya Bofa, labda moja itakuwa wazi. Nikaenda kwa miguu. Lango limepakwa rangi ya buluu ya bahari, mitungi ya maua huku na huku. Dada mmoja wa rika langu akatoka, akanitazama, akapiga kelele ya furaha. "We si ndo yule wa video!"

Ndiyo, mimi ndiye. Julai, kusi ikiwa imepamba moto na wageni wachache, alinilipa 6,000 nimtengenezee video ya nyumba moja aliyokuwa ameitoa kwa wageni, ajaribu bahati. Nilikuwa nimeshasahau. Akanikumbatia. "Ulinifungulia milango, dada. Simu haikunyamaza. Nimezigeuza zote. Mpaka Pasaka nimejaa."

"Zote sita?"

"Tano. Moja nakaa mimi."

Nikasimama pale uani, na uwanja ukanirudia. Julai palikuwa na kamba ya nguo, kutoka mwembe mpaka nguzo ya stima. Siku ile ilikuwa imejaa: leso, suruali ya kazi, sare za shule za mtoto mdogo, soksi moja moja. Ziliharibu picha yangu. Nikamwomba mama mmoja aliyekuwa akiosha sufuria, "Mama, samahani, unaweza kuzitoa hizi nguo dakika kumi tu, picha itoke vizuri?" Akazitoa. Zilikuwa bado mbichi. Akazikusanya mkononi, akasimama mlangoni kwake nje ya picha, akaningoja nimalize. Nikamwambia ahsante sana mama. Akasema bila samahani mwanangu.

Nikauliza, "Waliokuwa hapa wako wapi?"

"Walihama."

Haikuwa dharau. Alilijibu kama mtu anayeulizwa hali ya hewa. Hata kodi ya nyumba ile sikuuliza tena. Nikamwambia nina haraka, nikatoka, nikakaa chini ya mkanju huko mbele nikalia kama mtoto. Sikuwa namlilia mwenye nyumba wangu wala dalali. Nililia kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe nimesimama mlangoni na nguo mbichi mkononi, namngoja mtu mwingine apige picha.

Sasa, mimi si mtu wa kusema wageni wafukuzwe. Wageni wasipokuja sina kazi, mjomba hana kazi, muuza madafu hana kazi. Mwenye nyumba naye ana mkopo na watoto. Lakini tuache kudanganyana kwamba ni bahati mbaya tu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na ya kutosha. Ile sheria ya kudhibiti kodi, sura ya 296, inamlinda mpangaji anayelipa isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Yaani ukiwa kwenye chumba cha 2,500, mwenye nyumba akitaka kukutoa au kupandisha, lipo baraza la kumsikiliza na wewe usikilizwe. Ukilipa 9,000, unahesabiwa kuwa mtu wa kujiweza. Nyumba ya 2,500 Kilifi mjini, yenye choo chake, nionyesheni nami nije na begi langu leo.

Kwa hiyo sisi wa katikati, walimu, wauguzi, wahudumu wa hoteli, mafundi, vijana wa simu kama mimi, tunalindwa na tabia ya mwenye nyumba peke yake. Akiwa mwema, umepona. Akipiga hesabu za wageni watatu, huna lako. Kaunti inaweza kuzijua nyumba za kulala kwa siku ni ngapi na ziko wapi. Bunge linaweza kuitazama upya hiyo 2,500. Na mwenye nyumba anaweza kutoa miezi miwili badala ya wiki tatu na ushee. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalomzuia mgeni kuja kula samaki.

Nyumba nilipata, na aliyenipatia ni mama wa mahamri wa pale Kibaoni, ambaye hatozi 500. Alisikia, akamwambia shemeji yake. Ni Mtondia, nje ya mji, njia ya Malindi. Chumba kimoja, choo ndani, 6,000 na dipoziti ya mwezi mmoja. Maji ni ya ndoo. Bodaboda mpaka mjini 100. Tuliandikiana karatasi, kila mtu na nakala yake, notisi ya miezi miwili kwa pande zote. Mwenye nyumba alishangaa, hajawahi kuandikiana na mpangaji, lakini alitia sahihi.

Ukiwa unatafuta huku kwetu, ya kwangu ni haya. Usitume hata mia kabla hujamwona mwenye nyumba mwenyewe. Fungua bomba na ulambe maji. Rudi usiku usikie kelele. Mwulize jirani, si dalali. Na mwambie mama wa mahamri kabla ya kumwambia mtu yeyote mwingine.

Na kwa upande wangu, kazi nimebadilisha kidogo. Mtu akitaka video ya nyumba ya wageni, namwuliza kwanza nani alikuwa akikaa humo na amekwenda wapi. Wiki jana nimeuliza hivyo, mteja akasema mimi ni mpiga picha au ni polisi. 6,000 zikaenda. Kodi yangu ya mwezi mzima, hiyo. Sitawadanganya kwamba haikuniuma, na sitaahidi kwamba Januari ikibana sana sitatetereka.

Ila ile video ya machweo niliifuta yale maneno. Daraja nimeliacha, ngalawa nimeiacha. Nikipata yule mama wa nguo, na namtafuta kweli, kuna samahani yake ninayo, na hii si ya dakika kumi. Kama unamjua, alikuwa ploti ya nyuma ya Bofa mpaka kati ya mwaka, ana mtoto wa sare ya buluu. Mwambie nimehamia Mtondia.